Nani alimwandika babu yako? Namna ya kutafuta nasaba katika nyaraka, maktaba na mtandao

Mara ya kwanza nilipoingia katika chumba cha kusomea cha ofisi ya nyaraka, nilimwomba mhudumu aniletee jalada la ukoo wetu. Mama yule hakunicheka. Aliniuliza tu, "Babu yako alikuwa jumbe? Alibatizwa? Alikuwa askari? Alishtakiwa?" Nilipomjibu kwamba alikuwa mkulima wa kawaida aliyewahi kwenda Tanga kukata mkonge, akaniambia, "Basi, mwanangu, tafuta mkonge kwanza. Babu utamkuta humo."

Maneno hayo ndiyo msingi wa kazi yote ya kutafuta nasaba katika Afrika Mashariki. Nyaraka hazikupangwa kwa koo wala kwa majina ya watu. Zimepangwa kwa kufuata ofisi iliyoandika, mahali ilipokuwa na mwaka ilipoandika. Kwa hiyo swali la kuanzia si "Babu yangu yuko wapi?" bali "Ni nani aliyekuwa na sababu ya kumwandika babu yangu?" Padri alikuwa na sababu yake, mtoza kodi alikuwa na yake, kadhi, mwajiri na jeshi vilevile. Ukishamjua mwandishi, umeshajua mlango wa kubisha.

Anza nyumbani

Kabla ya kupanda basi kwenda Dar es Salaam au Nairobi, kaa na wazee. Usimwambie mzee akusimulie historia ya familia, kwa maana swali pana huzaa jibu pana. Uliza majina yote ambayo mtu aliwahi kuitwa: jina la utoto, la jando, la ubatizo, la kazini, la utani. Mtu mmoja anaweza kuwa Mazengo kijijini, Yohana kanisani na "Saidi" katika kitabu cha mnyapara aliyeona jina la kwanza gumu kuandika. Uliza pia ukoo na mwiko wake, kwa sababu watu wawili wasiokula mnyama mmoja mara nyingi wametoka shina moja hata kama majina yao ya leo hayafanani. Pale ambapo wajukuu hurithi majina ya babu na bibi kwa utaratibu maalumu, kama ilivyo kwa Wakikuyu, orodha ya watoto wa nyumba moja kwa mpangilio wa kuzaliwa inaweza kukupa majina ya wazazi wa pande zote mbili bila karatasi yoyote.

Miaka nayo ina namna yake ya kuulizwa. Bibi yangu mzaa baba hakujua mwaka aliozaliwa, lakini alijua kwamba mama yake alikuwa na mimba yake wakati Mtunya unakwisha, na Mtunya ni njaa kuu ya Ugogo ya mwaka 1917 hadi 1920. Kila mahali pana kalenda ya namna hiyo. Kusini mwa Tanzania watu walihesabu kwa Maji Maji, 1905 hadi 1907. Zanzibar palikuwa na kimbunga cha 1872 kilichong'oa mikarafuu. Karibu kila mahali palikuwa na homa kuu ya mafua ya 1918. Kwa jamii zenye marika, jina la rika la babu linatosha kukupa muda wa tohara yake ndani ya miaka michache.

Mahali ndipo watu wengi wanapopotea. Kama familia yenu ni ya Tanzania Bara, kijiji mnachokiita cha asili huenda si cha asili hata kidogo, kwani Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilihamisha mamilioni ya watu. Uliza jina la mahame: mahali zilipo mibuyu na makaburi ya zamani, jina la mlima au mto ulio karibu, na jina la jumbe au mtemi aliyetawala hapo. Nyaraka za kikoloni zinamjua jumbe huyo. Kijiji chenu cha leo hazikijui.

Mwisho, omba kuona sanduku. Nyumba nyingi zina sanduku la bati lenye stakabadhi za kodi, cheti cha ubatizo, kadi ya chama, barua, hati ya shamba. Nchini Kenya, mwombe mzee akuonyeshe kipande cha babu, yaani kitambulisho cha enzi ya ukoloni, kama kimesalia. Sheria ya vipande ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa nacho. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kibati. Kipande kinamtaja mwenyewe, wilaya yake na waajiri wake, na kila jina la mwajiri ni njia nyingine ya kufuata.

Vitabu vya kanisa

Kwa familia za Kikristo, hakuna chanzo kinachoshinda kitabu cha ubatizo. Usajili wa serikali wa vizazi na vifo ulichelewa sana kuwafikia Waafrika: Kenya ulianza mwaka 1904 kwa Wazungu, ukafuata kwa Waasia mwaka 1906, na haukuenea nchi nzima hadi 1971. Wamisionari walikuwa wameanza kuandika zamani. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, Waanglikana wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa) walikuwa Zanzibar tangu 1864 na Masasi tangu 1876, Wamoravian waliingia Rungwe mwaka 1891, Wabenediktini wakaanza Peramiho mwaka 1898.

Nenda parokiani au usharikani kwenu, lakini kwanza uliza kama parokia hiyo ilikuwepo wakati huo. Parokia huzaa parokia, na kitabu cha zamani hubaki kwa mama. Beba barua ya utambulisho kutoka parokia unayosali sasa, uwe na jina la ubatizo na mwaka wa kukadiria, na usiende Jumapili wala siku za Pasaka; paroko hatakuwa na nafasi.

Vitabu vya zamani vya Kikatoliki viliandikwa kwa Kilatini, nalo lisikutishe, kwa sababu maneno yenyewe ni machache na yanajirudia. Tuseme umekuta mstari unaosema: *Paulus, filius* fulani *et* fulani, *patrinus Iosephus*. Maana yake ni Paulo, mwana wa baba huyo na mama huyo, msimamizi wake akiwa Yosefu. *Filia* ni binti. Ukiona *in periculo mortis*, mtu huyo alibatizwa akiwa katika hatari ya kufa, hivyo tazama pia kitabu cha vifo. Kisha soma pembeni mwa ukurasa, mahali ambapo wengi hawaangalii, kwa kuwa kwa utaratibu wa Kanisa Katoliki ndoa na kipaimara huandikwa pembeni mwa ubatizo hata kama vilifanyika parokia nyingine. Nimewahi kuona maandishi madogo ya pembeni yakimrudisha mtu katika ukoo uliomdhania amefia safarini: alikuwa ameoa, mbali sana, miaka kumi na mitatu baadaye. Msimamizi naye usimpuuze, kwani mara nyingi alikuwa ndugu, jirani au katekista wa kijiji hichohicho.

Barua na taarifa za wamisionari wenyewe zilipelekwa kwao. Za CMS (Church Missionary Society), ambao mmisionari wao Krapf alianza Mombasa mwaka 1844 na Rabai mwaka 1846, ziko Cadbury Research Library katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Za UMCA ziko katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Za misheni ya Leipzig, iliyofanya kazi Kilimanjaro, zimehifadhiwa Halle, na za Wamoravian ziko Herrnhut, kote Ujerumani. Unapowaandikia, taja kituo cha misheni, miaka na jina, kisha uliza kama kuna orodha za washarika au taarifa za mwaka za kituo hicho. Barua inayosema "naomba historia ya familia yangu" haijibiki.

Makadhi, wakfu na hati za pwani

Familia za Kiislamu za pwani na visiwani zina vyanzo vya aina nyingine. Kwanza ni nasaba zenyewe, hasa za masharifu na za koo zenye nisba (jina linalotaja asili ya ukoo), ambazo huhifadhiwa nyumbani na misikitini. Zisome kwa heshima na kwa tahadhari: nasaba iliyoandikwa inaonyesha ukoo ulivyotaka kujulikana, na wajakazi waliozaa watoto humo mara nyingi hawakutajwa. Pili ni vitabu vya ndoa na talaka vya makadhi. Tatu ni wakfu, ambao nauona kuwa chanzo kinachosahauliwa kuliko vyote, kwa sababu mtu akiweka nyumba au shamba wakfu kwa ajili ya kizazi chake huwataja warithi kwa majina, mabinti pamoja nao.

Nyaraka za Taifa Zanzibar, zilizoko Kilimani mjini Unguja, zina hati za Kiarabu za mauziano, rehani na wakfu za karne ya 19, majalada ya ubalozi wa Uingereza na ya serikali iliyofuata. Kama husomi Kiarabu cha mkono, tafuta mtu wa kukusaidia mapema. Hati fupi ya rehani inaweza kumchukua msomaji mzoefu asubuhi nzima. Maktaba ya SOAS, London, ina miswada mingi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu imepigwa picha kupitia mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, nayo inaonekana mtandaoni bila malipo. Kwa familia zilizotawanyika kwenda Uarabuni, Mamlaka ya Nyaraka ya Oman mjini Muscat nayo ina hati zinazohusu Afrika Mashariki.

Hapa lazima nitaje utumwa, maana wengi hufika ukutani hapo na kurudi nyuma kwa aibu isiyo yao. Zanzibar iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Kuachiwa huru kuliandikwa: Zanzibar kuna kumbukumbu za walioachiwa, na Wajerumani walitoa hati za uhuru kwa maelfu ya watu. Hati ya namna hiyo inaweza kumtaja aliyeachiwa, bwana wake na mahali alipotoka. Ukikuta mtu ameitwa Mnyasa au Mmanyema, usidhani umepata kabila lake, kwani majina hayo yalitaja upande aliotokea msafara tu. Na jina kama Mabruki au Baraka huenda alipewa na aliyemnunua. La nyumbani halikuingia katika karatasi.

Nyaraka za taifa

Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ziko Upanga. Za Kenya ziko Moi Avenue katikati ya Nairobi, katika jengo lililokuwa la Bank of India, zikiwa na matawi katika miji kadhaa, ukiwemo Mombasa. Kanuni hazitofautiani sana: kitambulisho, barua ya utambulisho, ada ndogo na fomu. Mtafiti wa kutoka nje ya nchi huhitaji kibali cha utafiti, hivyo ndugu walioko ughaibuni waulize utaratibu kabla ya kukata tiketi. Begi huachwa nje. Ndani unaingia na penseli na karatasi, kwani kalamu ya wino hairuhusiwi. Kwa kawaida majalada hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30.

Usiombe jalada siku ya kwanza kabla hujasoma vitabu vya orodha. Tafuta wilaya, si jina, na ujue kwamba wilaya za zamani hazilingani na za leo. Tukuyu ya Wajerumani iliitwa Neu-Langenburg, Lushoto ikaitwa Wilhelmstal. Murang'a ilikuwa Fort Hall na Nyahururu ikawa Thomson's Falls. Mtwara na Lindi utazikuta chini ya Jimbo la Kusini. Tahajia ya Kijerumani nayo ina mitego yake: Mwanza ni Muansa, Arusha ni Aruscha, Moshi ni Moschi, Bagamoyo ni Bagamojo, Songea ni Ssongea. Andika jina la babu yako kwa sauti ya Mjerumani kabla ya kulitafuta: sh iwe sch, ch iwe tsch, j iwe dsch. Majalada yenyewe yameandikwa kwa mwandiko wa kale ambao hata vijana wa Ujerumani hawausomi, ingawa taarifa nyingi zilipigwa taipu.

Kwa enzi ya Waingereza huko Tanganyika, omba kwanza vitabu vya wilaya. Humo maofisa waliandika historia za makabila, nasaba za watemi na majumbe, mipaka na mila, kwa jinsi walivyosimuliwa. Kama ukoo wenu ulikuwa wa watawala, mtajikuta hapo. Kama haukuwa, mtampata jumbe wenu, naye ndiye atakayewapeleka kwenye mashauri. Mashauri ya mabaraza na mahakama za wenyeji ndiyo mahali ambapo bibi zetu wanaonekana. Nasaba ya "bin" huwameza wanawake, lakini kesi ya mahari, talaka au mirathi haiwezi kuandikwa bila mwanamke kutajwa na kaka zake kuja kutoa ushahidi.

Kwa wale waliokwenda manamba, yaani vibarua wa mkataba mashambani, tafuta majalada ya idara ya kazi na ya SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanza mwaka 1944 kuandikisha vibarua kutoka mbali na kuwasafirisha hadi mashambani. Usitarajie kumkuta kila mtu, kwani neno manamba lenyewe linakuambia kwamba mtu aligeuzwa namba. Utakachopata ni njia aliyopita, kambi alizolala, mashamba yaliyopokea watu wa wilaya yake na miaka yenyewe. Baada ya hapo nenda Tanga, Korogwe au Muheza ukaulize wazee wa kambi za mkonge, kwa sababu wengi hawakurudi kwao, na wajukuu wao bado wapo.

Majeshi yaliandika kwa upendeleo. Askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, au wa kikosi kingine cha huku aliyefariki katika Vita vya Pili anaweza kupatikana kwa jina katika hifadhidata ya Commonwealth War Graves Commission, tume ya makaburi ya vita, mtandaoni; wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, kwa mfano, wameandikwa kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi. Wapagazi wa Vita vya Kwanza, wale waliotuachia jina la Kariakoo, wengi wao hawakuandikwa popote, na tume hiyo yenyewe ilikiri hivyo katika taarifa yake ya 2021.

Unapopiga picha jalada kwa ruhusa, piga kwanza ganda lenye namba, kisha kurasa. Picha ya ukurasa isiyo na namba ya jalada haina thamani. Miaka miwili baadaye hutajua ilitoka wapi.

Maktaba na mtandao

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya vitabu vya Afrika Mashariki pamoja na karatasi za Hans Cory, aliyekusanya mila na desturi za makabila mengi ya Tanganyika. Kwa magazeti, uliza *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923 na kuchapisha barua na habari za walimu, makarani na wasomaji wa wilayani kwa majina. Mwalimu wa shule ya kati wa miaka ya 1930 ana nafasi nzuri ya kuonekana humo kuliko katika jalada lolote.

Kwa Wakenya, gazeti la serikali ni hazina. Matoleo ya *Kenya Gazette* yanasomeka bure kwenye Google Books, na ndani yake kuna matangazo ya mirathi, mabadiliko ya majina, hati za ardhi zilizopotea na orodha za watumishi. Andika jina katika alama za kunukuu, kisha ujaribu tahajia nyingine tatu. Matangazo ya mirathi humtaja marehemu na anayeomba kusimamia mali, na jalada lenyewe huwa mahakamani. Tanzania, mirathi iulize Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipoishi, au RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), ambako yupo Kabidhi Wasii Mkuu.

FamilySearch ni tovuti ya bure inayoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Ina rekodi nyingi, zikiwemo nasaba za simulizi kutoka nchi kadhaa za Afrika, lakini miti ya ukoo iliyopandwa na watumiaji ichukulie kama tetesi hadi uone karatasi. Hifadhi ya serikali ya Ujerumani mjini Berlin imeweka mtandaoni sehemu kubwa ya majalada ya ofisi ya makoloni, fungu la R 1001. Za Uingereza ziko Kew, London: CO 691 kwa Tanganyika, CO 533 kwa Kenya, CO 618 kwa Zanzibar. Watu hukimbilia Kew kabla ya Upanga, nami naona ni kurukia tawi. Barua za gavana kwa waziri wake hazimjui mtu wa kawaida. Anayemjua ni bwana shauri wa wilaya, na karatasi zake nyingi zilibaki huku.

Picha ziko nyingi kuliko tunavyodhani. Mkusanyo wa picha za wamisionari wa Chuo Kikuu cha Southern California una za Kilimanjaro na Rungwe, mkusanyo wa Winterton uko Chuo Kikuu cha Northwestern, na picha za jumuiya ya kikoloni ya Ujerumani ziko Chuo Kikuu cha Frankfurt. Tafuta kwa jina la kituo, kama vile Machame au Rungwe, kwa tahajia ya zamani na ya sasa. Maelezo chini ya picha mara nyingi humtaja mmisionari peke yake, na wengine wote wakawa "wanafunzi" au "familia ya Kikristo". Chapisha picha hiyo kubwa, uwapelekee wazee wa mahali palepale, kaa kimya, waache wabishane. Wakikubaliana, andika nyuma yake kwa penseli laini majina kuanzia kushoto, tarehe ya siku hiyo na majina ya wazee waliomtambua kila mmoja, kisha uitumie taarifa hiyo hifadhi yenye picha, ukitaja namba yake.